Msimu Shule Ilipoanza Saa Nne

Jumatatu, 8 Januari 1996. Chilendu.

Nimehesabu tena, maana siku hizi nikisema kwa kukisia najikuta nimeongeza. Ni miaka ishirini na minne na miezi miwili tangu lori la serikali linishushe hapa, na sanduku moja, mke na binti mdogo. Barua ya kunihamisha kutoka Kondoa ilisema miaka miwili. Nilikuja kuwa katibu kata, nikaifanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu. Nikiwa huku, ng'ombe wote waliondolewa kwenye vilima vya kwetu ili udongo uliobaki upone, na ndugu zangu wakahama pamoja na ng'ombe wao. Nilipostaafu hapakuwa na mtu wa kumrudia. Mke wangu amezikwa hapa. Binti yetu Waridi naye amezikwa hapa. Aliyebaki ni Khairat, mwana wa Waridi, ana miaka kumi na mitatu. Leo shule zimefunguliwa na ameingia darasa la saba.

Jana kondakta wa basi la Kondoa aliniletea barua ya mdogo wangu Abbasi. Anasema majani yamerudi, watu wamerudi, na nyumba ya baba haijaanguka, imepoteza paa tu. Kamati ya kijiji inataka wenye nyumba waonekane kabla ya mwisho wa Juni. Asiyeonekana, kiwanja chake atapewa mwingine. "Njoo ukishavuna, kaka, uje na mtoto. Nimekuwekea udongo wa kuezekea."

Nimeisoma mara nne. Halafu nimekwenda kwa Mwalimu Respicius, mwalimu mkuu, nikamwomba barua ya kumhamisha Khairat ili iwe tayari mapema. Ameiandika hapohapo, hakuniuliza neno. Nimeiweka chini ya sanduku. Mtoto sijamwambia.

Jumatano, 10 Januari.

Mvua ya nusu saa. Uwele umeota vizuri upande wa mashariki.

Jumatatu, 15 Januari.

Baraza la kumpokea mtendaji wa kata mpya. Ni mwanamke, wa kwanza katika kata hii. Anaitwa Priska. Ni wa makamo, mwembamba, na sauti yake haifiki nyuma.

Bartolomayo, mwenyekiti wetu wa kijiji, alisimama kumkaribisha. "Tuliomba mtendaji, wametuletea shangazi. Karibu, shangazi."

Watu wakacheka. Mama huyo akacheka nao, akangoja waishe. "Shangazi ndiye anayejua mtoto gani hakulala nyumbani," akasema. "Mwalimu mkuu, una wanafunzi wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Leo asubuhi nimepita madarasani nikahesabu mia moja arobaini na tisa. Wengine wako wapi?"

"Wako palizini, mama. Na huu ni mwezi mzuri. Ngoja ndege waje kula uwele."

Akaandika. Hakumtaja mzazi yeyote, hakutisha mtu, akakaa chini. Mimi katika baraza langu la kwanza nilitaja baba watatu kwa majina yao. Tangu nistaafu nimeona watendaji watano hapa, wote wanaume, wote wenye sauti. Huyu sidhani kama atafika mavuno.

Jumatatu, 22 Januari.

Tumeanza kufunga. Kijiji kizima tunaofunga tuko nyumba saba.

Jumatatu, 29 Januari.

Palizi. Mgongo.

Jumanne, 6 Februari.

Mtendaji amekuja shambani kwangu adhuhuri, kwa miguu. Nilimwagiza Khairat amletee maji, akakataa. "Shikamoo, Mzee. Sitakunywa mbele yako wewe umefunga." Akaketi kwenye kisiki. Khairat alikuwa na jembe mkononi, siku ya shule, saa ya hesabu. Nilijua ameona, naye alijua kwamba najua.

"Naambiwa ulikuwa katibu kata hapa," akaanza. "Watoro uliwafanyaje?"

Nikamwambia. Mwaka 1975 niliwafungia baba kumi na mmoja katika ghala la kijiji, usiku mmoja na mchana mmoja. Bartolomayo alikuwamo, wakati huo ana mtoto mmoja tu. Mwaka uliofuata nilichukua mbuzi.

"Na watoto walirudi?"

"Walirudi."

"Kwa muda gani?"

Nilitaka kusema kwa muda mrefu. Lakini mimi huandika, na anayeandika hana pa kujificha. Nikaingia ndani nikaleta daftari la mwaka ule. Siku tisa.

Hakucheka. Aliuliza ni nini kingine kimo humo. Nikasema mvua, magonjwa, misiba, na tangu nilipostaafu na kuanza kuamia shamba langu mwenyewe lisiliwe, ndege.

"Ndege umeandika nini?"

"Siku wanayofika. Wanatua saa ngapi, wanaondoka saa ngapi."

"Wanaondoka?"

"Mama, ndege naye huona jua. Wanakula tangu kumekucha hadi saa tatu na nusu hivi. Jua likiwaka wanakwenda vichakani kwenye kivuli. Saa kumi wanarudi, mpaka magharibi. Katikati wanapita mmojammoja tu, wale wenye njaa sana."

Alitoa karatasi akanakili madaftari ya miaka mitatu, mstari kwa mstari, magotini kwake. Ilimchukua saa nzima. Kwa miaka kumi na miwili nimeandika mambo hayo na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Alipoinuka alimtazama Khairat. "Na huyu?"

"Ananimalizia palizi."

"Yuko darasa la saba, Mzee."

Basi. Akaenda zake. Khairat alimsindikiza kwa macho mpaka barabarani. "Babu," akasema, "amekuchukulia ndege wako wote."

Jumatano, 21 Februari.

Idi. Bartolomayo alikuja kula pilau, kama kila mwaka. Mpaka leo ananiita Katibu. "Katibu, umesikia habari za shangazi? Kila Jumamosi yuko kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na debe lake kichwani. Ana mtumishi ofisini, na bado anakwenda mwenyewe."

"Labda anapenda unga wake."

"Anapenda wake zetu. Wanazungumza pale saa tatu nzima. Mke wangu akirudi ananiuliza mambo ambayo sijamfundisha."

Jumamosi, 2 Machi.

Mvua kubwa. Paa linavuja pale pale.

Jumanne, 5 Machi.

Baraza la leo lilikuwa limekwisha kabla halijaanza. Wanaume tulikuja kujadili, tukakuta jambo limeshajadiliwa.

Hapa wanawake hawasemi barazani. Hukaa nyuma na kusikiliza. Nami nilikitawala kijiji hiki miaka kumi na mitatu nikiamini hawana la kusema. Huyu mama amezungumza nao kwenye foleni ya mashine, wiki hadi wiki, na leo alisimama na karatasi moja. Tangu ndege wafike mpaka uwele uvunwe, shule ianze saa nne na kufungwa saa tisa. Alfajiri watoto waamie, saa tisa warudi waamie tena. Katikati ya mchana, mashamba manne yanayopakana yalindwe na mtu mzima mmoja, kwa zamu. Baba na mama, wote.

Kwa Wagogo wa hapa dungu, lile jukwaa la miti tunalokaa kufukuzia ndege, ni la watoto na vikongwe. Mwanamume mwenye nguvu zake akionekana juu ya dungu anarusha mawe kwa kombeo, wimbo wake utaimbwa pombeni kabla ya Jumapili. Nami nimepanda dungu miaka kumi na miwili, lakini mimi ni mgeni na ni mzee, kwa hiyo sihesabiwi.

"Yaani mwanamume na ndevu zake apande dungu?" Bartolomayo aliuliza.

Sauti ikatoka nyuma. Alikuwa mke wake. "Kama ndevu zinakuzuia, nyoa."

Walicheka mpaka mtendaji mwenyewe akageuka ukutani. Bartolomayo naye akacheka, maana hakuwa na la kufanya.

Mwalimu Respicius hakucheka. "Mkaguzi akija saa mbili akakuta kengele haijapigwa, mimi nitasema nini?"

"Utasema mtendaji wa kata aliagiza."

"Kwa mdomo?"

"Nitaandika."

Akaandika palepale, akasaini, akagonga muhuri, akampa. Niliomba niisome. Ilikuwa mistari minne tu. Katika kazi yangu sikuwahi kusaini karatasi ya namna hiyo. Mambo ya namna hiyo niliyasema kwa mdomo, ili yakiharibika yasiwe na mwenyewe.

Alhamisi, 14 Machi.

Ndege wamefika. Siku mbili mapema kuliko mwaka jana. Kutoka mbali ni kama moshi unaogeuka, halafu moshi unatua.

Jumatatu, 18 Machi.

Siku ya kwanza ya shule ya saa nne. Khairat alipanda dungu kabla ya jua. Hataki kupiga debe kama wenzake, anasema linampotezea muda. Anawapigia ndege kelele za masomo. Alianza na jedwali la saba, akapanda mpaka la kumi na tatu, kisha mikoa yote na makao makuu yake. Jirani alimwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mama. Nawasomesha."

"Wanaelewa?"

"Wa kwenu ndio hawaelewi, wanarudia darasa."

Saa tatu na nusu alishuka, akanawa uso, akala uji amesimama, akaenda. Mimi nikapanda kwa zamu ya mashamba manne. Saa sita nilimwona Bartolomayo kwenye dungu la pili kutoka langu, amejifunika shuka mpaka kichwani ili asijulikane. Mkewe alikuwa chini akimwonyesha ndege walipo.

Mwalimu anasema leo walifika mia mbili na arobaini.

Jumatano, 27 Machi.

Jana asubuhi mkaguzi alipita shuleni saa mbili. Alikuta mlinzi na mbuzi. Aliondoka bila kungoja.

Jumanne, 2 Aprili.

Leo nitaandika polepole, nisikosee neno.

Khairat alirudi saa tisa akaenda moja kwa moja shambani. Hakula. Saa kumi ndege wakatua na sikusikia jedwali wala mikoa. Nilikwenda nikamkuta ameketi juu ya dungu, mikono imeshika miti. Uwele chini yake ulikuwa mweusi kwa ndege.

"Wafukuze," nikamwambia.

"Babu, mimi nimehama lini?"

Nikashika mguu wa dungu.

"Mwalimu amesoma orodha ya watakaofanya mtihani wa Septemba. Tuko thelathini na nane darasani. Amesoma thelathini na saba. Nikauliza, akasema nimehama tangu Januari. Kila mtu akanigeukia kunitazama, na mimi nimekaa palepale kwenye dawati langu."

Ndipo nikamweleza. Barua ya Abbasi, nyumba ya babu yake mkubwa, vilima, majani yaliyorudi, mwisho wa Juni. Nilimweleza vizuri, kama nilivyojieleza mwenyewe kwa miaka mingi. Nikasema tutarudi kwetu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu, mama yake alimlea vizuri. "Wewe utarudi," akasema. "Mimi Kondoa sijawahi kuiona hata kwenye picha. Mimi narudi wapi?"

Kisha akasimama akaanza kurusha mawe, kimya kimya, na hakukosa hata mara moja.

Jumatano, 3 Aprili.

Nimekwenda kwa Respicius. Orodha aliipeleka mjini Ijumaa iliyopita.

"Mzee wangu, wewe ndiye uliyeomba. Nilidhani umeshapatana na shule ya kule."

Sikuwa nimemwandikia mtu yeyote kule. Nilidhani barua ya kuhama inatosha, kwamba shule ya Kondoa itampokea kama ilivyonipokea mimi miaka hiyo, mtoto anakuja na baba yake anakalishwa. Respicius alinieleza kwa upole kwamba orodha zimefungwa wiki ileile, huku na kule. Kwa hiyo Khairat hayumo hapa na hayumo huko. Asiye kwenye orodha hafanyi mtihani, na darasa la saba halirudiwi bila kibali.

Nilipokuwa katibu nilipoteza watoto wa watu kwa mbuzi na ghala. Huyu wa kwangu nimempoteza kwa barua moja, tena kwa siri, nami nikijiona mwangalifu.

Alhamisi, 4 Aprili.

Ofisi ya mtendaji ni chumba kimoja, nusu yake magunia. Nilimkuta anasoma barua. Nilimwambia kosa langu lote, sikupunguza.

"Ngoja kwanza, Mzee," akasema, akanipa ile barua niisome. Anaitwa mjini Jumanne ijayo, baada ya Pasaka, kwa kubadilisha saa za shule bila mamlaka. "Basi nitakwenda na mambo mawili."

"Usiyachanganye," nilimwambia. Haya nayajua vizuri, nilikuwa upande wa pili wa meza. "Watakukatalia la pili kwa hasira ya la kwanza. Pokea karipio, rudi, ngoja wiki mbili, ndipo uende na la mtoto."

"Wiki mbili orodha itakuwa imeshafika mkoani. Huko mimi na wewe hatufiki."

Nikasema nitafuatana naye.

Jumanne, 9 Aprili.

Tumekwenda Dodoma kwa lori la mkaa, tumerudi kwa lori hilohilo. Nimechoka hata kuvua viatu, lakini nikilala nitasahau maneno yenyewe.

Ofisa aliyetupokea ni kijana, umri wa mwanangu kama ningekuwa na wa kiume. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikaa kwenye benchi nje. Hakumkaribisha kiti.

"Nani alikupa mamlaka ya kubadilisha saa za shule?"

"Hakuna, bwana."

"Waraka unasema saa mbili."

"Ndiyo. Saa mbili nilikuwa na watoto mia moja arobaini na tisa. Saa nne ninao mia mbili sabini na mmoja."

"Sikukuuliza idadi."

"Naelewa. Lakini nimekuja na idadi tu, sina kitu kingine."

Alisema mengi. Kwamba kila kata ikijipangia saa zake nchi itakuwa soko. Kwamba wanawake wamepewa nafasi hizi kwa kuaminiwa na wasiwaangushe waliowaamini. Mimi kwenye benchi nilikuwa nakubali nusu ya maneno yake, kwa sababu nusu yake ndiyo niliyokuwa nikisema mwenyewe, kwa sauti hiyohiyo. Mama akaambiwa aandike maelezo ya kukiri kosa, na kuanzia kesho shule irudi saa mbili. Akaandika kwa kusimama, ameegemea kabati la mafaili. Akasaini.

Kisha akatoa karatasi ya pili mfukoni.

Yule kijana aliitazama, akamtazama yeye. "Mama, wewe huchoki?"

"Nimechoka, bwana. Ndiyo maana nimeyaleta yote siku moja."

Nadhani hapo ndipo alipomwonea aibu, maana alimsogezea kiti. Akaniita ndani. Aliniamkia, shikamoo, akaniuliza maswali matatu, yote ya haki. Akasema orodha ya kata yetu bado iko mezani pake, haijapelekwa mkoani, na anaweza kuongeza jina kwa sharti moja: mlezi asaini fomu kwamba mtoto ataishi Chilendu na kusoma shule ya Chilendu mpaka siku ya mtihani. Akihama, jina linafutwa. Fomu igongwe muhuri wa mtendaji na irudi kabla ya jioni ya Ijumaa.

Fomu iliwekwa mbele yangu na kalamu juu yake. Nikasema nitaisaini nyumbani. Mama hakunitazama.

Wakati wa kurudi lori lilisimama Mkonze kupakua magunia, naye akaniomba tuingie nyumba ya tatu kutoka barabarani. Ni kwa mama yake. Binti mdogo alitoka mbio na sare ya shule, anaitwa Lulu, darasa la tatu. Alimkagua madaftari mlangoni, akamfunga kifungo, akambusu, tukaondoka. Haikufika robo saa.

"Namwona mara moja kwa mwezi," alinieleza tulipokuwa juu ya magunia. "Kila ninapopelekwa shule ni mbovu, nikaona bora abaki hapa. Mimi nazunguka kukusanya watoto wa watu."

Tulipokaribia njia ya Chilendu akasema tena. "Nenda Kondoa, Mzee. Saini, halafu nenda. Mtoto atakaa kwangu mpaka Septemba. Mlezi nitakuwa mimi."

Nilitamani kuushika mkono wake. Niliona nyumba ya baba na paa lake jipya, hapo juu ya magunia.

Jumatano, 10 Aprili.

Kengele imepigwa saa mbili kama waraka. Watoto wengi wamekuja saa nne kama ndege wanavyotaka. Respicius alikaa saa mbili nzima na watoto tisini, wengine walipofika akafundisha upya tangu mwanzo. Hakuna aliyemwagiza. Alipoulizwa akasema waraka unataja saa ya kuanza, haukatazi kurudia.

Bartolomayo alifurahi kusikia agizo limefutwa, akashuka dungu. Mkewe akampandisha tena.

Alhamisi, 11 Aprili.

Asubuhi, mvua nyembamba. Mchana mtendaji amekuja nyumbani kwangu. Leo alikunywa maji.

Amehamishwa. Kata ya mwisho kabisa kusini mwa wilaya, mwendo wa siku mbili wakati huu wa matope. Aripoti ndani ya siku kumi.

"Kwa hiyo lile la juzi, Mzee, halipo tena," akasema. "Nisingependa usaini ukitegemea nyumba ambayo sitakuwamo."

Nilimwuliza kama hakuna mwingine wa kumwachia mtoto. Tukapita kijiji chote kwa maneno, nyumba kwa nyumba, yeye anawajua kwa miezi mitatu kama mimi kwa miaka ishirini na minne. Wenye nafasi wana kazi nyingi, Khairat angekuwa mpishi wao kabla ya mwezi kwisha. Wema hawana nafasi. Zile nyumba saba tunazofunga pamoja, tano ni za wazee kama mimi. Hatimaye nyumba zikatuishia. Khairat alikuwa anasonga ugali upande wa pili wa ukuta, na mwiko ulikuwa umesimama muda mrefu.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" nilimwuliza. Sijawahi kumwuliza mwanamke swali hilo la kazi, wala mwanamume.

"Mimi wa kwangu nilimwacha, Mzee. Usiniulize mimi."

Ijumaa, 12 Aprili.

Baada ya sala ya alfajiri nimekwenda ofisini kwake. Alikuwa anafunga mafaili kwa kamba. Nikasaini mbele yake. Akasoma, akapulizia muhuri, akagonga mara moja, sawa sawa, juu ya jina lake. Respicius ameipeleka mjini kwa baiskeli, kilomita arobaini na matope, amesema asipofika kabla ya saa tisa hatarudi kazini.

Jioni nimemwambia Khairat. Hakuniambia asante, na sikuitaka. Aliuliza, "Na nyumba?"

"Abbasi ataangalia."

"Ataangalia vipi, na kamati inataka mwenyewe?"

"Washa taa," nikasema.

Jumatano, 17 Aprili.

Mtendaji ameondoka na gari la posta. Wanawake walisimama na yale madebe yao barabarani, kama ni Jumamosi. Bartolomayo alitoa hotuba ndefu mno. Mwishoni akasema, "Shangazi, umetupandisha juu ya miti." Nadhani alikusudia kumshukuru.

Mtendaji alipofika kwangu alisema, "Endelea kuandika, Baba." Nikasema sijui kufanya kingine.

Jumatatu, 6 Mei.

Ndege wengi. Miguu yangu haipandi tena dungu bila ngazi.

Jumatatu, 20 Mei.

Tumevuna uwele. Ndege wamekula kama theluthi moja, kama mwaka jana, si zaidi. Wapo wanaosema ni nusu na kwamba ni kosa la yule mama. Nimewaonyesha daftari. Hawakutaka kuliona.

Jumatano, 5 Juni.

Mtendaji mpya amefika, mwanamume, ana sauti. Kwenye baraza ametaja baba wawili kwa majina na kusema atatuma mgambo. Watu walimsikiliza kwa heshima. Mke wa Bartolomayo aliinuka kule nyuma, akajikung'uta vumbi, akamwuliza husaga wapi unga wake. Hakuelewa swali.

Ijumaa, 14 Juni.

Orodha imerudi kutoka mkoani. Khairat ni wa mwisho, namba thelathini na nane, ameandikwa kwa wino tofauti. Ameniomba niache kumtuma dukani saa za jioni, anataka kusoma. Nimekubali. Dukani nitakwenda mwenyewe.

Jumapili, 30 Juni.

Barua ya Abbasi imefika kwa kondakta yuleyule. Hana lawama. Kamati ilikuja, ikakuta mwenyewe hayupo, kiwanja kimepewa vijana waliooana mwaka huu. Wametumia ule udongo aliokuwa ameniwekea, aliwaruhusu. Anasema ni watu wazuri, na kwamba nikifika nitalala kwake.

Nina miaka sitini na tisa. Mtihani ni Septemba. Akishinda kuna miaka minne mingine, na asiposhinda kuna kuanza upya, na yote mawili yanahitaji mtu wa kukaa naye hapa. Nimemjibu Abbasi leo ili asiendelee kunisubiri. Sitarudi Kondoa.